Kura Inunuliwayo na Nadhari Ichumwayo

Mhariri wa gazeti hulipwa mshahara ili awachagulie wengine cha kusoma, na akichagua vibaya lawama ina mahali pa kwenda, kwa kuwa jina lake limeandikwa na ofisi yake inajulikana. Tovuti za alamisho zilipozuka Marekani mwanzoni mwa karne hii ziliondoa kiti hicho, zikaukabidhi uamuzi wake umma wa wasomaji wasiojuana, ambao kila mmoja wao aliweza kuleta kiungo cha makala aliyoipenda na kuzipigia kura zilizoletwa na wenzake, bila ya ujira, bila ya jina la kweli, wala kuulizwa sababu. Lililodaiwa ni kwamba maelfu ya macho yasiyo na maslahi huona vizuri zaidi kuliko macho mawili yenye mshahara. Dai hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Walakini lilisimama juu ya sharti moja ambalo halikuandikwa popote, nalo ni kwamba mpiga kura awe amekisoma anachokipigia kura. Mabishano yote yaliyofuata, baina ya wanaonunua kura na wanaosema kwamba nadhari ya watu haina budi kuchumwa, kwa rai yangu ni mabishano juu ya sharti hilo, ingawa aghalabu huvishwa nguo ya mabishano juu ya fedha.

Tovuti ya kwanza kupata jina kubwa haikutegemea kura. Joshua Schachter, aliyekuwa akifanya kazi Morgan Stanley mjini New York, alianzisha Delicious mwaka 2003 ili watu waweke alama katika kurasa watakazozirudia, na alama hizo zionekane na kila mtu. Hesabu ya walioweka alama mahali pamoja ikawa ushahidi wa thamani ya ukurasa pasipo mtu kukusudia kutoa ushahidi, kwani kila mmoja aliiweka kwa haja yake mwenyewe. Digg, aliyoizindua Kevin Rose mjini San Francisco mwishoni mwa mwaka 2004, iligeuza mambo: hapo msomaji alibonyeza kitufe kwa maksudi ya kuwaambia wenzake kwamba hiki kinafaa, na kingine cha kukizika kisichofaa. Reddit ya Steve Huffman na Alexis Ohanian ilifuata Juni 2005, na mishale yake miwili, wa kuinua na wa kushusha. Tafauti hii si ndogo. Anayejiwekea alama ovyo anajipunja mwenyewe siku atakapoitafuta; anayepiga kura ovyo hapungukiwi na kitu, na jambo lisilomgharimu mtoaji, ilhali lina thamani kubwa kwa mpokeaji, halikosi dalali.

Na thamani yenyewe ilikuwa kubwa kweli. Makala iliyofika ukurasa wa mbele wa Digg ililetewa wageni maelfu kwa maelfu katika saa chache, hata seva za wenye tovuti ndogo zikazimika kwa kuelemewa. Na wageni walipokwisha kuondoka, vilibaki viungo vilivyowekwa na waandishi wengine walioiona makala hiyo hapo, viungo ambavyo Google huvitazama inapopanga majibu yake. Kwa mfanyabiashara, faida hii ya pili ilizidi ya kwanza. Tena ukurasa huo uliosifiwa kwamba ni wa umma haukuwa wa umma wote: hesabu iliyofanywa katikati ya mwaka 2006 ilionyesha kwamba watumiaji 100 wa juu ndio walioleta asilimia 56 ya yale yaliyofika mbele. Jason Calacanis, aliyekuwa akiifufua tovuti ya Netscape kwa mfano wa Digg, aliliona jambo hilo kwa jicho la mwajiri, na Julai mwaka huo akatangaza hadharani kwamba vigogo 50 wa tovuti za namna hiyo watakaohamia kwake na kuleta viungo visivyopungua 150 kwa mwezi atawalipa dola 1,000 kila mwezi. Alishutumiwa kwamba anatia najisi kazi iliyokuwa ikifanywa kwa mapenzi. Mimi dhambi hiyo siioni. Aliyeajiriwa kuchagua, na ikajulikana kwamba ameajiriwa, amerudi tu kuwa mhariri, na msomaji mwenye habari hiyo ataipima kazi yake kwa mizani inayostahili. Fedha iliyolipwa mchana haikumhadaa mtu.

Fedha ya usiku haikuchelewa. Huduma moja iliyojiita User/Submitter ilimtoza mwenye makala dola 20 za kuanzia na dola 1 kwa kila kura ya Digg, na kwa upande wa pili iliwalipa wenye akaunti senti 50 kwa kila makala tatu watakazozipigia kura. Msomaji na apige hesabu: katika kila dola moja mpiga kura alipata senti kama 17, na senti 83 zilizosalia, pamoja na zile dola 20, zikamwendea dalali. Bei hiyo yasema mengi kuliko hoja za wenye biashara. Hapana mtu auzaye rai yake kwa senti 17. Kilichouzwa pale ni mbonyezo wa kidole, kwani kuzisoma makala tatu kwa makini ni kazi ya nusu saa, na nusu saa ya Mmarekani mwenye tarakilishi haikuwa ya senti 50.

Mapema mwaka 2007 Annalee Newitz, mwandishi wa habari za teknolojia, aliijaribu biashara hiyo kwa niaba ya jarida la Wired. Alitengeneza blogu ya kipuuzi makusudi, yenye picha za makundi ya watu na maelezo yasiyo na ladha, ili asitokee wa kusema kwamba imependwa kwa ubora wake, kisha akalipa. Kura za ijara ziliingia, zikafuatwa na kura za bure za watu ambao hawakulipwa na mtu ila wameona wengine wametangulia, na blogu ile ikapanda daraja la zinazopendwa, mpaka wasomaji waliokuja kuifungua wakashangaa imefikaje hapo, wakaizika. Haidhuru kukumbusha kwamba Condé Nast, yenye jarida hilo, ilikuwa imeinunua Reddit, mshindani wa Digg, Oktoba 2006. Jambo hilo haliibatilishi tajriba yenyewe, lakini shahidi mwenye maslahi yafaa ajulikane, na hasa katika mada kama hii.

Katika kisa kile mtu hustaajabu kwanza kwamba takataka ilipanda, ilhali ajabu kubwa zaidi ni kura chache zilizotosha kuipandisha, na sababu yake imo katika kanuni za hesabu. Reddit ilipoifungua programu yake kwa umma mwaka 2008, ilidhihirika kwamba upangaji wake wa makala moto wakati huo haukuzichukua kura kama zilivyo, bali ulichukua logi, kwa kizio cha kumi, ya tafauti ya kura za juu na za chini, kisha uliongeza wakati ambao makala ililetwa, hata iliyoletwa baada ya nyingine kwa sekunde 45,000, yaani saa 12 na nusu, ilianza na faida ya kuzidishiwa kura mara kumi. Maana yake ni kwamba kura 10 za mwanzo zilikuwa na nguvu sawa na 90 zinazozifuata, na 90 hizo sawa na 900 za baada yao. Hacker News, tovuti nyingine ya kura aliyoianzisha Paul Graham mwaka 2007, huzigawa kura kwa umri wa makala uliotiwa kipeo, ikawa iliyochelewa kupata kura huzama kabla haijaonwa. Fauka ya hayo, kila makala hupita kwanza katika ukurasa wa mapya, ambako wasomaji wengi hawaingii kamwe. Basi anayenunua kura 50 hanunui sifa ya watu 50; ananunua saa ya kwanza, saa ambayo ndani yake makala njema na mbovu huzama pamoja kwa kukosa tu wa kuzitazama.

Saa hiyo ina athari kwa akili za watu pia, wala si kwa mashine peke yake. Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha mwaka 2006, katika jarida la Science, jaribio ambamo watu 14,341 waliletewa nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wengine wakizichagua bila ya kujua wenzao wamechagua nini, na wengine wakigawanywa katika jumuia nane zilizotengana, kila moja ikiona hesabu za jumuia yake tu. Nyimbo zilizokuwa bora kwa wasioona hesabu hazikuanguka kabisa ila mara chache, na zilizokuwa mbovu hazikushinda ila kwa nadra. Lakini zile za katikati, ambazo ndizo nyingi, ziliweza kufika popote, kwa kuwa wimbo uliotangulia kidogo katika jumuia moja ulizidi kutangulia. Mwaka 2013 Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walichapisha jaribio walilolifanya ndani ya tovuti ya habari ya namna hii hasa: walichukua maoni zaidi ya 100,000, na baadhi yake, kwa bahati nasibu, wakayapa kura moja ya kuinua yalipotokea tu. Kura moja! Maoni yaliyopewa yakamaliza yakiwa na alama zilizozidi kwa asilimia 25, ilhali kura ya kushusha iliyotiwa kwa namna hiyo hiyo wasomaji waliisahihisha wenyewe. Watu, yaelekea, huwa wepesi wa kumtetea aliyeonewa kuliko kumhoji aliyependelewa.

Majaribio haya yanazibana pande zote mbili. Mnunuzi yanamwambia kwamba fedha yake haitaiokoa makala mbovu, kama ilivyodhihirika kwa blogu ya Newitz. Na wale wahubirio kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza yanawaambia kwamba katika soko lililojaa hivi kizuri kinaweza kufa rafuni, na kwamba sehemu kubwa ya tuiitayo stahili ni bahati ya aliyepita mlangoni wa kwanza. Hapo ndipo penye hoja nzito ya wanunuzi, ambayo haifai kudharauliwa: mtu mwenye makala njema na asiye na jamaa katika tovuti ile hanunui uongo, anajinunulia bahati ambayo wengine wamepewa bure. Ningeikubali hoja hiyo lau ukurasa wa mbele ungekuwa hauna mwisho. Lakini nafasi zake zahesabika, na anayeinunua moja amemwondoa mwingine ambaye hakulipa, asiyejua kwamba aliondolewa wala na nani. Na aliyedhulumiwa ghaibu hana hata pa kupeleka shitaka.

Kuchuma nadhari kwa haki kuna gharama nyingine, ambayo mwenye haraka huiona kubwa kuliko fedha. Mwaka 2008 Drew Houston, aliyekuwa akiitengeneza Dropbox, alirekodi video fupi ya kuonyesha namna programu yake inavyofanya kazi na kuiweka mbele ya watu wa Digg. Ndani ya video hiyo alipachika mizaha ambayo mgeni hangeiona hata akitazama mara kumi, ukiwamo ule wa msimbo wa tarakimu na herufi 32 wa kufungulia filamu za HD DVD. Msimbo huo Mei 2007 wenye Digg waliufuta kwa kuogopa wanasheria, watumiaji wakaasi na kuujaza ukurasa wa mbele wote, hata Rose akasalimu amri na kusema liwalo na liwe. Aliyeutambua mzaha huo alijua kwamba anasema naye mtu wa nyumbani. Orodha ya waliosubiri programu hiyo ilipanda kutoka watu 5,000 hadi 75,000 kwa usiku mmoja. Kadhalika Alan Schaaf, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ohio, Februari 2009 aliwaletea watu wa Reddit huduma ya kuhifadhi picha aliyoiita Imgur, akaitoa kama zawadi, kwa kuwa alikuwa mmoja wao na udhia wa huduma zilizokuwapo aliupata pamoja nao. Kwa miaka kadhaa baadaye picha nyingi zilizopita Reddit zilikuwa za kwake. Siwafanyi hawa mawalii. Wote wawili walikuwa na bidhaa, na Houston hasa alijua vyema anachokitega. Lakini walilipa kwa kuwajua watu, ujuzi unaochukua miaka kupatikana na usiogawiwa kwa dalali, na kila kura waliyopata ilitoka kwa aliyekwisha kutazama.

Palipo pagumu zaidi ni katikati ya hao na User/Submitter, nako ndiko walikoishi wengi. Wale vigogo 100 wa Digg hawakupata asilimia zao kwa macho makali tu. Walikuwa na orodha za marafiki, na rafiki akileta kiungo wenzake walikiinua hata kabla ya kukifungua, kwa kutazamia kwamba kesho yao atawalipa kwa namna hiyo. Hapakupita senti. Mwaka 2010 ilifichuliwa jamaa iliyojiita Digg Patriots, wahafidhina waliopeana habari kila siku ili wazizike pamoja makala za wapinzani wao, na hao nao walifanya bure, kwa itikadi. Hata wenye Reddit hawakuwa na mikono safi: Huffman amekwisha kueleza wazi kwamba katika siku za mwanzo yeye na mwenzake waliijaza tovuti kwa akaunti za majina ya kubuni, ili mgeni asidhani ameingia nyumba tupu. Tanzania imepata kulipima jambo la jinsi hii mahakamani, kwani marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliiruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema na kwa kufuata mila, mpaka Mahakama Kuu ilipovibatilisha vifungu hivyo mwaka 2006, ikiona kwamba vinambagua mgombea asiye na cha kukirimu na kuifungulia rushwa mlango. Urafiki wa Digg ulikuwa takrima ya namna yake. Nami sioni kwa insafu gani aliyelipwa senti 17 apige kura bila ya kusoma aitwe mla rushwa, na aliyepiga bila ya kusoma kwa kutarajia fadhila aitwe mwanajumuia mwema. Ushahidi wao ni mmoja, wote wawili wamesema wameona wasichokiona. Fedha iliongeza hili moja, kwamba mtu asiye na marafiki 50 aliweza kuwapata kabla ya adhuhuri.

Wenye tovuti walijikinga kwa hila na kwa siri. Digg ilirekebisha kanuni yake Septemba 2006 ili kura za watu wanaofuatana kila siku zipungue uzito, na mapema mwaka uliofuata ikaiondoa orodha ya vigogo, orodha ambayo dalali aliitumia kama daftari la wafanyakazi. Reddit huzitikisa kidogo hesabu inazozionyesha, mnunuzi asijue kama mzigo aliolipia umefika. Hacker News hukataza hata kumwomba rafiki kura. Lakini siri hizo zina kasoro yake: kanuni isiyoonekana na mla njama haionekani na mwaminifu pia, na umma ulioambiwa kwamba ndio mhariri hauna njia ya kukagua hesabu za uhariri wake.

Wala Digg haikuuawa na wanunuzi wa kura. Ilijiua Agosti 2010, ilipozindua umbo jipya lililokiondoa kitufe cha kuzika na kuwaachia wachapishaji wakubwa waingize makala zao wenyewe kwa mitambo, hata msomaji wa kawaida akaona kwamba nafasi zilizokuwa zikiuzwa kwa magendo sasa zinagawiwa wakubwa na mwenye nyumba mwenyewe. Watumiaji wakalipiza kwa kuujaza ukurasa wa mbele viungo vya Reddit, kisha wakahama. Julai 2012 jina na tovuti ya Digg, kampuni iliyokuwa imekusanya mtaji wa dola milioni 45 hivi, vilichukuliwa na kampuni ya Betaworks kwa bei iliyotajwa magazetini kuwa dola 500,000.

Biashara yenyewe haikuhitaji Digg ili iishi; ilihitaji tu mahali popote ambapo hesabu ya watu huamua kinachoonekana. Septemba 2021 Odanga Madung na Brian Obilo, watafiti walioandika kwa ajili ya Mozilla, walieleza jinsi vijana wa Kenya walivyokodiwa kuzisukuma alama reli katika Twitter, wakilipwa dola 10 hadi 15 kwa kushiriki kampeni tatu kwa siku. Maelekezo yalipitishwa katika makundi ya WhatsApp, pamoja na maneno ya kunakili na saa ya kuanza. Katika waliolengwa walikuwamo majaji na wanaharakati walioupinga mpango wa kurekebisha katiba uliojulikana kwa jina la BBI. Saa ya kwanza ni ile ile, na dalali ni yule yule, ila mnunuzi hapa hakutaka wageni wa kusoma chochote. Alitaka jaji aamke aone jina lake limetapakaa, na wananchi wadhani nchi nzima imesema.

Sheria imekuja kwa kuchelewa. Tume ya Biashara ya Marekani iliishika mwaka 2019 kampuni ya Devumi, iliyokuwa ikiuza wafuasi na watazamaji wa bandia, kwa hukumu ya dola milioni 2.5, na Agosti 2024 ikapitisha kanuni inayokataza kuuza au kununua kwa ajili ya biashara ishara za bandia za umaarufu, kama zile zinazotoka kwa roboti au akaunti zilizoibwa. Kanuni hiyo ni njema kwa inachokigusa. Kijana aliye hai, mwenye akaunti yake halali, anayebonyeza kwa ujira, hakuingia humo kwa uwazi. Na rafiki wa rafiki hakuingia kabisa.

Wakati huo huo sababu ya kununua imehama. Februari 2024 Reddit ilifunga mkataba wa kuipa Google maandishi yake, kwa malipo yaliyotajwa kuwa dola milioni 60 kwa mwaka, ili yatumike pia kuifunza mitambo inayojibu maswali ya watu. Basi jibu lililoinuliwa kwa kura leo halisubiri tena mgeni wa kulisoma, kwani laweza kurudi kesho katika kinywa cha mashine, bila ya kura zake na bila ya jina la aliyelisema. Na upande wa kuchuma nao umepata fitina yake. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich waliingiza katika jukwaa moja la Reddit, ambalo watu huenda kwa hiari ili hoja zao zipingwe, maoni zaidi ya 1,000 yaliyotungwa na programu, mengine yakidai kuwa ya mshauri wa walionusurika na ukatili, mengine ya mtu mweusi mwenye rai yake juu ya harakati za weusi. Hawakununua kura hata moja. Wasomaji waliyasoma maoni yale, wakayapima, wakayajibu, na wengi wakakiri kwamba yamewageuza rai, mpaka wasimamizi wa jukwaa walipoitangaza siri hiyo Aprili 2025 na chuo kikasema kwamba matokeo hayatachapishwa. Sharti la mpiga kura kuwa amesoma lilitimizwa kikamilifu. Aliyekosekana safari hii alikuwa mwandishi.